Uzi wa Mguu Wangu

Likoni, Jumanne, 1 Oktoba 1963

Memsahibu wa Nyali ameondoka na hakuaga mtu. Nyumba ameiuza, mbwa kampa mpishi, na sisi katuachia wasichana kumi na wawili waliokwisha kunogewa na kuteleza kwa viatu vya magurudumu kwenye sakafu ya saruji ya uwanja wa jumba la maendeleo. Viatu vya watoto vimebaki kabatini. Vyake vimekwenda naye Ulaya.

Mwalimu Mbwana, msimamizi wa jumba, kaniita ofisini. Mimi kazi yangu ni kuwafundisha wanawake kusoma na kushona, si kuteleza. Akasema watoto wameshatiwa kwenye ratiba ya siku ya Uhuru, watazunguka na bendera, na lazima awepo wa kuwaongoza. Nikatazama huku na huku kana kwamba ofisini tumejaa.

Ni kweli naweza. Nilijifunza kwa vile vyuma vya zamani vinavyofungwa chini ya kiatu na kukazwa kwa ufunguo. Champali, ndala yetu ya kila siku, haishikiki kwenye vyuma vile, kwa hiyo nilikuwa nikivaa viatu vya ngozi vya Baba. Watu niliwaambia nimevichukua kwa ajili ya soli ngumu. Soli ni ngumu, sikusema uongo. Lakini pia vinanienea, na hilo sikulisema. Sasa vyuma vimekatika, na Mwalimu Mbwana anasema nitanunuliwa viatu vyangu kamili.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli. Paa la jiko linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumapili, 6 Oktoba

Leo nimerudi kisimani nikamkuta Shangazi Dhahabu, dadake Baba aliyenilea tangu Mama afariki, anacheka peke yake.

"Mbwana yuwataka uzi," akaniambia.

"Uzi gani?"

"Wa mguu wako. Kaja hapa, kakaa barazani, kanywa kahawa kwa adabu, kasema aomba kipimo cha mguu wa Mwanarusi, yuwenda mjini kununua viatu."

"Kasema viatu vya nini?"

"Viatu viwaje vya nini? Vya kuvaa."

Nikatua ndoo, nikakaa chini. Mtaani kwetu kipimo cha mguu wa msichana hakitoki nyumbani ila kwa jambo moja. Mwanamume akileta sanduku la harusi, mna kanga, mna marashi, mna viatu, na viatu havinunuliwi kwa kubahatisha. Kwa hiyo anayetaka kuoa huanza kwa kuomba uzi. Mbwana amezaliwa hapahapa lakini amekulia Nairobi, babake akifanya kazi ya reli, na mimi siku zote nilimwona mtu wa kalamu na makaratasi tu. Kumbe anajua taratibu. Kumbe alikuwa akinitazama.

Baada ya alasiri Shangazi akanikalisha mkekani, akatoa uzi mwekundu. Akaushika kisigino, akauvuta mpaka ncha ya kidole gumba. Akautazama uzi, akanitazama mimi, akasema "ah-a," akachukua mkasi. Akakata kwenye kidole, kisha akakata tena, kipande cha urefu wa pingili nzima ya kidole.

"Mguu wa mwali haufiki huku," akasema.

"Vitanibana, Shangazi."

"Viatu vya sanduku si vya kutembelea. Ni vya kuonwa."

Nikacheka. Shuleni waliniita Makasia. Tangu nina miaka kumi nakaa nimeificha miguu chini ya kanga, hata nikiwa peke yangu. Kile kipande kilichokatwa nilikiokota mwenyewe nikakitia jikoni motoni.

Jumanne, 8 Oktoba

Uzi umekwenda, umefungwa ndani ya leso pamoja na asumini.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua. Shangazi anawaambia majirani kwa siri, maana yake anawaambia wote.

Ijumaa, 18 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Naanza kwa halwa.

Shangazi aliagiza halwa na kuwaita majirani, kwa sababu Mbwana alituma neno kwamba baada ya swala ya Ijumaa ataleta viatu mwenyewe. Hilo la mwenyewe lilitushangaza, maana sanduku huletwa na wanawake, lakini Shangazi akasema Uhuru unakuja na mambo yanabadilika. Mimi nilitiwa wanja nikawekwa chumbani nyuma ya pazia.

Mbwana akabisha hodi, akaweka boksi mkekani, akarudi nyuma mpaka mlangoni. Bi Mwanarehema, jirani yetu wa ukuta mmoja, akapiga kigelegele kabla kifuniko hakijaondoka. Shangazi akafunua. Kigelegele kikakatikia njiani.

Vilikuwa vyeupe, vya ngozi, vya kamba, virefu mpaka kifundoni. Chini ya kila kimoja magurudumu manne. Ukumbi mzima ulisikia gurudumu moja likijizungusha lenyewe.

"Dhahabu," akasema Bi Mwanarehema, "bwana harusi yuwataka mke au yuwataka baiskeli?"

Wanawake wakacheka mpaka wakajifunika nyuso. Mbwana hakuelewa kinachochekesha, akacheka nao kwa heshima. Kisha akaniita kwa sauti yake ya kazini.

"Mwalimu Mwanarusi, hebu vijaribu. Mwenye duka kasisitiza. Kisigino kikae, vidole visikunjike. Kama havifai vinarudishwa kesho."

Nikatoka na wanja wangu. Nikakaa, nikaingiza mguu, vidole vikajikunja kama kiganja. Shangazi akanikazia macho. Ni yeye na mimi tu tuliojua habari ya mkasi. Nikisema vinanibana, Mbwana atauliza kwa nini, maana yeye alifuata uzi. Bi Mwanarehema angeujua ukubwa wa mguu wangu kabla ya magharibi, na Likoni nzima kabla ya isha.

"Vinanienea," nikasema.

"Kisigino?"

"Kimekaa."

"Vidole?"

"Vimenyooka."

Akafurahi, akaaga, akaenda zake. Halwa ililiwa yote.

Jumamosi, 19 Oktoba

Sikutoka. Nimefuta wanja kwa mafuta ya nazi na bado nauona kwenye kioo. Mtu aliomba viatu vya kazi, mimi nikajipamba. Natamani ardhi ya Likoni ingekuwa na mlango.

Shangazi hakubali kushindwa. "Viatu ni viatu," anasema. "Kaanza na hivi, vingine vyaja." Jioni amempelekea Mbwana bakuli la wali wa nazi na samaki wa kupaka.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimevaa. Vinaniuma.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mvua. Nimevaa. Vinaniuma. Mbwana amerudisha bakuli tupu na salamu.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimevaa bila soksi, vikaniuma zaidi. Nyevu, mdogo kuliko wote, ana miaka tisa, ameniuliza kwa nini nauma midomo nikizunguka. Nikamwambia nahesabu. Tangu hapo naye anauma midomo. Watoto hawa hunifuata mstari mmoja, kila mmoja ameshika kiuno cha mwenzake, na Nyevu ndiye anayenishika mimi.

Shangazi amepeleka mkate wa sinia.

Jumamosi, 2 Novemba

Mkate wa sinia umeliwa. Namwona Mbwana mezani kwake na karatasi zake, amenawiri, na nashindwa kuelewa jinsi mtu anavyoweza kula chakula cha nyumba ya watu hivyo bila kujiuliza. Zamani nilimwona mpole. Sasa namwona mjinga mwenye kalamu mfukoni.

Ijumaa, 8 Novemba

Baba si mtu wa maneno. Yeye na minazi yake na mikorosho yake wanaelewana bila kusema. Leo kamwita Mbwana barazani, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango, mahali ambapo sikustahili kuwa.

"Mwanangu," Baba akasema, "sisi hatuna haraka. Lakini watu wamesema sana. Wazee wako waja lini?"

"Wazee wangu wako Nairobi, Baba. Waje kufanya nini?"

Nikamsikia Baba akiweka kikombe chini.

"Uliomba uzi wa mguu wa binti yangu."

"Niliomba, ndiyo. Niliona si adabu kumpima mwenyewe kazini."

"Hukuambiwa kwenu, mwanamume akiomba uzi maana yake nini?"

Baba akamweleza, polepole, kama anavyomweleza mtu mipaka ya shamba.

"Wallahi sikujua, Baba," Mbwana akasema. "Nisamehe. Na vile vyakula vyote nimekula."

Ingekuwa habari ya msichana mwingine ningecheka wiki nzima. Niliuma pindo la kanga. Kilichoniuma si kwamba hakujua. Ni kwamba alisema haraka hivyo, bila kusita hata kidogo, kama mtu aliyetuhumiwa kuiba kuku.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimekwenda kazini. Anazungumza na ukuta ulio nyuma yangu. Nami najibu dirisha. Nimevaa. Vinaniuma. Sasa siwezi kusema vinanibana, kwa sababu nikisema itabidi nieleze mkasi, na mkasi ulikuwa wa bibi harusi, na bibi harusi hakuwepo.

Jumamosi, 16 Novemba

Nitaandika yote.

Mvua ilikatika saa za alasiri, tukapangusa sakafu kwa magunia, tukaanza mazoezi. Wazazi kadhaa walikuja kutazama. Nilikuwa sizisikii tena ncha za vidole vyangu, na nilishazoea kutozisikia. Tulipofika pembeni nikainama ili nikate kona, mguu wa kulia haukunitii. Nikaanguka chali. Nyevu alikuwa nyuma yangu, amenishika kiuno. Nilimwangukia.

Nilisikia mkono wake ukilia kabla yeye hajalia.

Mbwana akambeba mbio kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Mimi nilijaribu kusimama nikashindwa. Nyamvula, mamake Nyevu, anayeuza bajia kivukoni, hakumfuata mtoto mara moja. Alinijia mimi. Nilidhani atanipiga, na ningemwachia.

"Vua," akasema.

"Mama Nyevu, nisamehe."

"Vua nione. Nimekutazama tangu mwanzo, watembea kama mtu akanyagaye makaa."

Akafungua kamba mwenyewe. Soksi ilikuwa na damu, kucha mbili zimekuwa nyeusi. Watoto wote walisogea. Nilitaka kuificha miguu chini ya kanga kama kawaida yangu, na nikaona haya kwamba hata saa ile nilikuwa nikifikiria jambo hilo.

"Viatu hivi vya nani?" Nyamvula akauliza.

"Vyangu."

"Si vyako hivi," akasema, akaviweka kando, akaenda kumfuata mwanawe.

Jumapili, 17 Novemba

Nimekwenda kumwona Nyevu. Champali hazikuingia, miguu imevimba, nikatembea pekupeku katika tope. Nilipogeuka nyuma niliona nyayo zangu njia nzima, kubwa, kila mmoja aweza kuzisoma.

Mkono umevunjika chini ya kiwiko, umetiwa plasta. Hatateleza siku ya Uhuru. Hakuniambia neno baya. Aliniuliza kama ataruhusiwa kushika bendera kwa mkono mwingine. Nikasema ndiyo.

Nyamvula alinisindikiza mpaka nje. "Kila asubuhi mtoto huyu huniambia yuwataka kuteleza kama mwalimu," akasema. "Sasa kaanguka kama mwalimu."

Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali.

Jumanne, 19 Novemba

Nimemwambia Baba yote, pamoja na mkasi. Akasema Mama alikuwa akivaa viatu vya Baba vya shambani, naye Baba akisingizia kwamba vimepotea ili asimtahayarishe. Sikuwahi kujua. Shangazi alikuwa jikoni na sufuria zikaacha kulia.

Jumamosi, 23 Novemba

Tumevuka kwenda mjini, Shangazi, mimi na Mbwana, kurudisha viatu. Mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye miwani, akavigeuza, akaona damu kwenye ngozi nyeupe, akatikisa kichwa.

"Vimevaliwa. Sirudishi vilivyovaliwa."

"Kosa ni langu," Mbwana akasema. "Mimi ndiye niliyeleta kipimo kibaya."

Alijua au hakujua habari ya mkasi, alikuwa ananipa njia. Nyamvula alikwisha nisema mbele ya watu, sikuwa na haja ya kujisema tena. Shangazi akanifinya mkono ninyamaze. Nikamtazama Mbwana na shati lake la kazini, amesimama anakubali kuwa mpumbavu mbele ya wateja kwa ajili ya kipande cha uzi nilichokichoma mimi, na nikaona aibu kubwa kuliko zote za msimu huu.

"Si kosa lake," nikasema. "Uzi tuliukata. Mguu wangu ni mrefu kuliko ule uzi, na tulijua."

Shangazi akajifunika uso kwa buibui. Mzee akaniangalia juu ya miwani, akaleta kile kipimo cha mbao.

"Simama, dada. Usikae. Mguu wa kukaa ni mdogo, wa kusimama ndio wa kweli. Na umekuja vizuri, jioni, joto limeshautanua."

Nikasimama juu ya ubao pekupeku, mbele ya watu. Akausogeza ule ubao mdogo mpaka kwenye kidole changu, akainua kichwa na kumwita mkewe aliyekuwa ghalani juu.

"Namba nane!"

"Ya mwanamume?" mke akauliza kutoka juu.

"Ya huyu dada!"

Duka zima lilisikia. Nilidhani nitakufa, na sikufa.

Jozi tatu zikashushwa. Za kwanza nyeusi, nzuri, zimezidi namba moja. Shangazi akapata uhai. "Tutatia pamba mbele," akasema, kama tunavyowafanyia watoto viatu vya Idi ili wakue navyo. Nikavaa, nikakunja magoti kama mtu anayeteleza, kisigino kikapanda. Kisigino kikipanda mtu huanguka. Nikavua. Za pili zilikuwa namba yangu lakini nyembamba, kidole kidogo kikaanza kulalamika papo hapo. Zamani ningesema zinanienea. Nikavua. Za tatu zilikuwa za kiume, za rangi ya udongo, upande mmoja umepauka kwa jua la dirishani. Nikafunga kamba mpaka juu. Vidole vikagusa ngozi ya mbele kidogo tu, vikalala. Nikakunja magoti, nikasimama, nikakunja tena. Kisigino hakikuondoka mahali pake.

"Vibaya hivyo, mwanangu," Shangazi akanong'ona.

"Ndivyo vinavyonienea," nikasema.

Mzee akavipokea vile vyeupe kwa kununa, na Shangazi akafungua pindo la kanga yake akaongeza kilichokuwamo.

Kwenye feri Mbwana alisimama karibu nami, kwa mara ya kwanza tangu mazungumzo ya barazani. Akatazama maji.

"Mwalimu," akasema, "mimi navaa namba saba."

Nilicheka mpaka Shangazi akageuka. Sikuwa nimecheka tangu Oktoba.

Jumatano, 27 Novemba

Nimevaa. Haviumi.

Jumamosi, 7 Desemba

Mvua, sakafu, magunia, mazoezi. Nyevu anafanya mazoezi ya kusimama. Anasema kusimama ndiko kugumu zaidi.

Mbwana na mimi tunazungumza sasa, si na ukuta. Anauliza kila kitu: kwa nini hiki hakisemwi, kwa nini kile hakipelekwi siku ya Jumanne. Anasema hataki tena kula asichokijua. Nilimwita mjinga mwenye kalamu, na naona haya kuusoma ukurasa ule, lakini sitauchana.

Alhamisi, 12 Desemba

Uhuru.

Asubuhi mvua ilitutisha, kisha ikatuonea huruma. Uwanja wa jumba ulijaa mpaka barabarani. Nyevu alisimama mbele na bendera mpya mkono wa kushoto, hakutikisika hata inzi alipomtua puani. Nikatoka na viatu vyangu vya rangi ya udongo, wasichana kumi na mmoja nyuma yangu, tukazunguka. Kwenye ile kona nilikunja magoti, nikakata, nao wakakata nyuma yangu mmoja mmoja. Nyamvula alikuwa palepale aliposimama siku ile, anatazama miguu yangu, si uso. Tulipopita mara ya pili akainua macho akaniitikia kwa kichwa. Nilitaka kulia, nikauma midomo, na wasichana wote wakauma midomo.

Bi Mwanarehema alikuwa mbele kabisa, na sauti yake haijui kunong'ona.

"Hivyo si viatu vya mwanamume?"

Shangazi Dhahabu, aliyeukata mguu wangu kwa mkasi, akamgeukia.

"Ni vyake," akasema. "Namba nane."

Uso uliniwaka mpaka masikioni. Niliendelea kuzunguka.

Jumapili, 15 Desemba

Mamake Mbwana alikuja kutoka Nairobi kwa treni kwa ajili ya sherehe. Leo kaja kwetu na wanawake wawili, wakakaa ukumbini, wakasalimiana na Shangazi mpaka salamu zikaisha. Kisha mama yule akasema mwanawe kamtuma kuomba uzi, na kwamba safari hii mwanawe anajua anachokiomba.

Shangazi akaja chumbani akafunga mlango. "Wewe ndiye mwenye mguu," akasema. "Ukikataa, nitawapa kahawa na wataondoka kwa heshima."

Nilimfikiria akisema kosa ni langu, mbele ya duka zima.

"Toa," nikasema.

Nilikaa mkekani, kisha nikakumbuka, nikasimama. Shangazi akapiga magoti, akaushika uzi kisigino, akauvuta mpaka ncha ya kidole gumba. Mkasi ukasita pale pa zamani. Akaniangalia.

"Mpaka mwisho, Shangazi."

Akakata mwisho. Ulikuwa mrefu, ulining'inia mkononi mwake na ukumbini walikuwa wanangoja kuuona. Niliona aibu, nikamwambia aufunge vizuri usije ukapotea.